Peugeot 504: pointi na rota ninazouziwa Mombasa haziingii. Nifuate nini ninaponunua?

Mwandoni504 aliuliza:

Assalaam alaykum, na habari za jioni kwa wote mnaotunza magari ya zamani.

Nina Peugeot 504 salun nyeupe ya marehemu babangu. Logbuku inasema ni ya 1978, injini 1.8. Ipo hapa Mwandoni, Kisauni, chini ya banda la makuti. Bodi ni nzima, viti ni vile vile alivyokuwa akikalia mzee, na sina nia ya kuiuza hata kidogo.

Shida yake ni hii. Asubuhi inawaka kwa stata moja. Nikitoka nayo nikaingia kwenye foleni ya daraja la Nyali, inaanza kumisi, kisha inazima. Nikifungua boneti ikapata upepo kidogo, inawaka tena kana kwamba haikuwa na lolote. Petroli inafika kwenye kabureta, hilo tumelihakikisha.

Fundi jirani alifungua distributa, kile kifaa kinachogawa moto kwa plagi, akakuta pointi, ile swichi ndogo ya ndani yake inayokata umeme wa koili, zimeungua: upande mmoja umefanya shimo, upande wa pili umeota kichuguu. Akaniandikia ninunue pointi, kondensa (inayopunguza cheche kwenye pointi), rota (inayozunguka ndani ya distributa), kifuniko chake, koili (inayokuza umeme wa kwenda kwa plagi) na plagi nne. Nikaanza kuzunguka madukani.

Duka la kwanza, Mwembe Tayari, swali lilikuwa moja tu: "Gari gani, mwaka gani?" Nikajibu, nikapewa pakiti. Nyumbani tundu la skrubu halikulingana na sahani ya distributa, lilikuwa pembeni kabisa. Niliporudisha nikaambiwa hizo ndizo za 504, fundi wangu ndiye hajui kazi. Duka la pili nikapata pointi zilizoingia vizuri, lakini rota waliyonipa ni ndefu, ukiweka kifuniko hakikai na klipu hazishiki. Koili nayo tumeifunga. Haina maandishi ya maana, na baada ya safari fupi imechemka mpaka mkono hauwezi kuishika.

Sasa nauliza: mtu anayejua hununua spea hizi kwa kufuata nini? Mwaka, injini, au kuna namba nyingine? Koili inayofaa naijuaje? Na kuna anayeniambia nitupe pointi niweke moto wa elektroniki, ni sawa?

Dada yangu anaolewa mwezi ujao na mama ameshasema bibi arusi atatoka nyumbani na gari la baba. Nawaomba ushauri wenu.

PikapuYaShamba alijibu:

Mkuu, pole sana. Mimi niko Nairobi, nina 504 pikapu ya shamba. Nilichoka na pointi nikaweka moduli ya elektroniki. Inakaa ndani ya distributa ile ile, pointi na kondensa zinatoka, zinabaki waya mbili za kwenda kwa koili. Tangu siku hiyo sijafungua tena kusugua kitu na msasa.

Lakini hata hapo lazima ujue distributa yako ni gani kabla ya kuagiza. Wanaouza hizo moduli wanaziorodhesha kwa distributa, si kwa gari. Ukiagiza ya distributa ya kampuni ya Marchal na wewe uko na ya Ducellier, umelipa pesa, umelipa ushuru, na kitu haiingii.

Kirinyaga Road huku bado kuna wazee wenye stoki ya Peugeot. Usiwapigie simu ukisema "niko na 504." Tuma kipande cha zamani na basi la usiku, asubuhi mtu anakitembeza dukani.

FundiMoto_Makupa alijibu:

Waalaykum salaam, kijana wangu. Mungu amrehemu mzee. Nimefanya umeme wa magari tangu enzi za 504 wagoni zilizokuwa zikibeba abiria wa Nairobi, kwa hivyo nitakujibu kwa urefu, kwa kuwa jambo hili linaharibu magari mazuri bure.

Swali la mwaka halifai kwa spea za moto. Jina la gari halikupi saizi ya distributa, kama jina la mtu lisivyokupa saizi ya kiatu chake. 504 ilitoka Ufaransa mwaka 1968, ikaunganishwa hapa Kenya miaka mingi, na Kaduna kule Nigeria, na kwengineko. Wakati wote huo Peugeot hawakuwa na distributa moja. Utakuta Ducellier, utakuta SEV Marchal, na magari mawili ya mwaka mmoja yaliyotoka kiwandani pamoja yaweza kuwa na distributa mbili tafauti. Ongeza hapo kwamba gari limeishi zaidi ya miaka arubaini na limepita mikononi mwa mafundi. Anayehitaji distributa leo hutia iliyopo.

Kwa hivyo anzia kwenye chuma chenyewe. Chukua kitambaa na petroli kidogo, safisha mwili wa distributa pande zote. Utaona jina limepigwa kwenye chuma, au kwenye kibati kidogo, pamoja na namba. Jina hilo na namba hiyo ndiyo unayonunulia. Pointi, rota na kifuniko vyote vitoke kwa jina moja. Duka la kwanza bila shaka lilikupa pointi za distributa nyingine, na la pili likachanganya: pointi za huku, rota ya kule.

Kisha angalia mambo haya ndani yake, kwa sababu jina peke yake halitoshi. Zipo SEV Marchal za kaseti, pointi na kondensa vimeungwa pamoja kitu kimoja, na zipo za kawaida zenye pointi mbali na kondensa mbali. Hazibadilishani. Kwa Ducellier, tazama rota yazunguka upande gani mtu akipiga stata, maana pakiti za pointi zipo za kulia na za kushoto na kwa macho zafanana sana. Ukiweka ya upande usio wake, kisigino cha pointi, yaani kile kijiguu kinachosukumwa ili zifunguke, kinasukumwa kinyume na hakidumu.

Sasa koili. Hili ndilo nataka ulisome taratibu, kwa sababu kwa maelezo yako ugonjwa wa foleni uko hapa.

Koili za pointi za volti 12 zipo namna mbili. Moja hufanya kazi peke yake, na ukipima kwa mita kati ya vichwa viwili vidogo, waya zikiwa zimetolewa, utapata omu 3 hivi. Ya pili huitaka balasti, yaani kizuizi cha umeme kilichofungwa kabla yake, na hiyo hupima omu 1.5 hivi. Fanya hesabu mwenyewe: volti 12 ukigawa kwa omu 3 ni amperi 4, na pointi zaiweza hiyo. Ukichukua koili ya balasti ukaifunga bila balasti, ni amperi 8, na zote zapita kwenye pointi. Koili itachemka, pointi zitaungua. Na itazidi kuchemka kwenye foleni, kwa kuwa injini ikienda polepole pointi hukaa zimefunga muda mrefu zaidi kila mzunguko, upepo nao hakuna. Koili ikiingia moto, cheche zanyongea, gari linazima. Ikipoa, yarudi.

Kinyume chake pia kipo: koili ya omu 3 kwenye gari lenye balasti. Hiyo haichomi kitu, lakini moto ni dhaifu na asubuhi ya mvua hutoki nyumbani.

Kujua kama gari lina balasti, hakikisha pointi zimefunga, fungua swichi, pima volti kwenye kichwa cha koili cha upande wa swichi. Ukipata karibu volti zote za betri, hakuna balasti. Ukipata 6 mpaka 9 hivi, ipo, hata kama huioni, maana nyengine ni waya wenyewe uliofichwa ndani ya mkanda wa waya. Usiache swichi imefunguliwa muda mrefu wakati injini haizunguki, hapo ndipo koili huuliwa.

Shimo na kichuguu kwenye pointi ni alama ya kondensa kutolingana. Yahitajika ya kama mikrofaradi 0.20 mpaka 0.25. Ikiwa ndogo mno au kubwa mno, chuma huhama kutoka upande mmoja wa pointi kwenda wa pili. Ukibadilisha pointi ukaacha kondensa ile ile, mpya nazo zitafanya vivyo hivyo.

Tuletee majibu ya jina la distributa, namba ya injini, omu za koili na volti.

MwanaTudor404 alijibu:

Ndugu, mie ni mama wa 404, siyo 504, lakini maduka tunayozunguka ni hayo hayo.

Aliyosema fundi kuhusu jina la distributa ni kweli tupu. Mimi naongeza la kununua. Nikienda dukani sitaji gari kwanza. Naweka kipande cha zamani juu ya kaunta, naomba kinachofanana nacho, na nakilinganisha pale pale mbele ya muuzaji kabla ya kutoa pesa. Rota nailinganisha urefu na tundu la ndani lenye mkato. Kifuniko nakilinganisha mahali pa klipu, na naingiza rota ndani yake nione kama ile shaba ya mwisho inafika karibu na nguzo bila kugusa. Pointi nazibana kwa kidole: springi iwe na nguvu, na nyuso mbili zikutane sawasawa, siyo ukingo kwa ukingo. Kile kisigino kinachopanda kwenye kemu (mhimili wenye ncha unaozifungua pointi) ndicho kinachotofautisha nzuri na mbaya. Kwenye bidhaa duni ni laini, kinalika haraka, pointi zinazidi kukaribiana na taiming, yaani wakati wa cheche, inarudi nyuma, gari linakuwa zito bila wewe kujua kwa nini.

Pakiti mpya inayong'aa yenye jina kubwa isikuvutie. Spea bora nilizopata zilikuwa kwenye maboksi yaliyofifia rangi, kwa wazee waliokuwa na maduka tangu magari haya yako barabarani. Ila ukipata kondensa ya zamani namna hiyo, ipime kwanza, kwa kuwa kondensa huzeeka hata ikiwa ndani ya boksi. Pointi, rota na kifuniko vya zamani havina neno vikiwa vimekaa pakavu.

Na jambo la pwani ambalo watu wa bara hawaliwazi ni chumvi. Nyumba yangu iko karibu na maji, na kila kichwa cha shaba kinaota ukungu wa kijani. Toa waya za plagi moja moja, chungulia ndani ya kifuniko kila nguzo, safisha mpaka shaba ionekane. Msimu wa mvua za masika, usiku, zima taa, washa injini uangalie distributa gizani. Ukiona vimoto vidogo vinatambaa juu ya kifuniko, kimepasuka au kimefanya mistari ya kaboni, na hakuna kukisugua, ni kubadilisha tu. Wengi wanalaumu koili kumbe ni kifuniko.

Hongereni kwa arusi, na mama yako nimemuelewa kabisa.

Mwandoni504 aliandika:

Nashukuru nyote. Nimesafisha, na nimeshangaa.

Distributa ni Ducellier, jina liko wazi kwenye mwili upande uliokuwa umefunikwa na mafuta. Na kwenye bloku injini imepigwa XN1. Kumbe siyo 1.8 ya logbuku! Nimemuuliza mama, akakumbuka kwamba mzee alibadilisha injini zamani, akatia iliyotoka kwenye wagoni. Basi hata ningetaja mwaka na injini kama zilivyoandikwa, ningekuwa nataja gari jingine.

Koili nimepima kwa mita ya jirani: omu 1.4. Volti kwenye koili, pointi zimefunga, ni karibu sawa na za betri. Balasti hakuna.

Pointi nilizonazo ni za Ducellier na zinalingana na za zamani. Rota nimepata ya urefu sawa, nimefanya alivyosema mama wa 404, nimeweka ya zamani juu ya kaunta. Kifuniko nimekipata pia. Bado koili na kondensa. Na swali kwa fundi: tukishafunga, tuseti vipi? Fundi wangu anataka kuanza na silinda ya mbele.

FundiMoto_Makupa alijibu:

Vizuri sana. XM7 ndiyo 1.8, sentimita za ujazo 1796. XN1 ndiyo 2.0, yaani 1971. Mzee wako alipanda daraja.

Omu 1.4 bila balasti: hapo amperi zapita 8. Hiyo koili itoe leo, usitembee nayo hata kwenda dukani. Nunua ya omu 3, na uende na mita dukani. Haihitaji kuwa ya Peugeot. Koili ya pointi ya volti 12, inayofanya kazi bila balasti, ya kampuni yoyote iliyo na heshima, itafanya kazi. Hapa ndipo muuzaji anayekuuliza mwaka wa gari anapokupotezea wakati.

Kondensa vilevile. Ile yenye umbo la Ducellier ikikosekana kwa wiki hii, chukua nzuri ya Datsun au Toyota ya zamani, bana mwili wake kwenye chuma safi karibu na distributa na waya wake peleka kwenye kichwa cha koili kinachokwenda kwenye pointi. Thamani zao zakaribiana na gari halitajua tafauti. Bibi arusi atafika. Baadaye utaweka ya mahali pake.

Kuseti: Ducellier nyengine zina kigurudumu kidogo chenye meno kwenye mkono wa vakyumu (mvuto wa injini unaobadilisha wakati wa cheche). Weka alama ya rangi mahali kilipo kabla ya kukigusa, na kirudi pale pale, maana ndicho kinachopanga vakyumu ivute vipi. Kemu ipake grisi kidogo sana, punje ya mchele tu, upande ambao kisigino kitaisambaza. Isirukie pointi.

Nafasi ya pointi ni milimita 0.40, kisigino kikiwa juu ya ncha ya kemu. Mwenye mita ya dwell, ipimayo digrii ambazo pointi hukaa zimefunga, atafute digrii 57, na aamini mita kuliko fila, kile kibati cha kupimia nafasi.

Silinda: mwambie fundi wako, kwa heshima, kwamba Peugeot huhesabu kutoka upande wa gia, siyo mbele kwenye rediata. Namba moja ni ile ya nyuma karibu na flaiwili. Mpangilio wa moto ni 1-3-4-2. Mpangilio huu ukihesabiwa kutoka upande wa pili watoka vile vile, na ndiyo sababu mafundi wengi hawagutuki. Lakini akifuata picha ya kitabu au alama za waya huku akiita ya mbele moja, moto utakuja wakati usio wake na gari litapiga baruti kwenye kabureta. Toa plagi ya nyuma, ziba tundu kwa kidole, zungusha injini mpaka upepo usukume kidole, hapo ndipo uanze.

Plagi usinunue kwa jina la gari vilevile. Toa uliyo nayo, tazama urefu wa uzi na mkalio wake: kama ni bapa wenye wesha, au wa koni usio na wesha. Nyengine ifanane. Na tahadhari kwa wanaolinganisha namba: kwa NGK namba ikipanda plagi ni baridi zaidi, kwa Bosch na Champion namba ikipanda ni moto zaidi.

Kuhusu elektroniki: si mbaya, ndugu wa pikapu amekwambia kweli. Ila kwa wakati ulio nao, funga pointi. Pointi zikikuharibikia Mariakani usiku, kila fundi wa pale anazijua. Moduli ikifa, utaita gari la kuvuta. Arusi ikipita, agiza moduli ya Ducellier kwa utulivu, na pointi ziweke ndani ya droo ya dashibodi.

PikapuYaShamba alijibu:

Hiyo ya droo nakubali. Hata mimi seti nzima ya pointi iko ndani ya gari, pamoja na bisibisi.

Mwandoni504 aliandika:

Tumefunga. Koili ya omu 3.1, kondensa ya Datsun imebanwa pembeni kama ulivyoeleza, pointi, rota na kifuniko vya Ducellier. Fundi alianza na silinda ya nyuma, na alipoona upepo unasukuma kidole alifurahi, akasema hajawahi kuambiwa hivyo. Nimelipeleka gari Mtwapa na kurudi, nikaingia Kongowea saa ya jioni makusudi, foleni yote, halikumisi hata mara moja. Koili ina joto la kawaida tu, mkono unakaa.

Fundi, kuna cha kuangalia tena kabla ya siku yenyewe?

FundiMoto_Makupa alijibu:

Kipo. Kisigino kipya hulika kidogo mwanzoni mpaka kikae kwenye kemu, na nafasi hupungua. Likishatembea siku chache, pima tena zile 0.40, na ukirekebisha pointi rekebisha na taiming papo hapo, kwa kuwa moja huivuta nyengine. Baada ya hapo, kila kilomita elfu tano hivi fungua uchungulie. Hakikisha pia waya wa ardhi kutoka kwenye injini hadi bodi umefungwa kwenye chuma kisafi, kwa hewa yetu hii huoza bila kuonekana. Likikusumbua kabla ya arusi, njoo nalo Makupa asubuhi mapema, nitalitazama.